Maji Meusi ya Bi Aukje

Asubuhi ya siku aliyotimiza miaka sabini na minne, Bi Aukje alifumbua macho akaiona pumzi yake mwenyewe. Ilimtoka mdomoni ikasimama juu ya blanketi kama mvuke wa birika, naye akalala akiitazama kwa utulivu, maana mtu wa umri ule hakurupuki kitandani kwa ajili ya mvuke. Kisha akanyoosha mkono akaigusa redieta ya kupashia chumba joto, iliyo chini ya dirisha. Ilikuwa ya baridi kama kijiko kilicholala nje.

"Leo?" akaiuliza. "Siku zote hizo, ukachagua leo?"

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili, na baridi iliyokuwa nje ni ile ya kugandisha hasa, ambayo watu wa jimbo la Friesland huiombea kama wengine wanavyoomba mvua. Mifereji yote nyuma ya boma la bahari, lile tuta refu la kuzuia maji, ilikuwa imeshika barafu. Tangu Alhamisi kijiji cha Terwier kilikuwa hakina habari nyingine: barafu ina unene wa vidole vingapi, inabeba mtoto tu au inabeba na baba yake. Bi Aukje naye alikuwa akiifurahia sana. Ila aliipenda ikiwa nje, si chumbani.

Akavaa soksi pea mbili, sweta mbili, na juu yake koti la nyumbani la marehemu mumewe Lolke, akapanda ngazi ya darini, mkono mmoja ukutani na mwingine kwenye kamba. Huko darini, pembeni ya mashine ya kufulia, ndiko ilikoning'inia boila, kabati jeupe la bati linalochemsha maji na kuyasukuma kwenye mabomba hadi redieta zote nane za nyumba, yakazunguka yakarudi, maji yaleyale, mwaka hadi mwaka. Leo ilikuwa kimya. Taa nyekundu ilikuwa inapepesa, na chini yake mshale wa saa ndogo ya presha ulikuwa umelala. Lolke aliwahi kuchora mistari miwili ya kalamu ya kijani kwenye kioo cha saa ile, mmoja penye moja na mwingine karibu na mbili. Mshale ukikaa kati ya mistari, alikuwa akisema, nyumba ina afya. Sasa mshale ulikuwa chini kabisa ya mstari wa kwanza, unakaribia sufuri, kama ng'ombe aliyekataa kuinuka.

Maana yake aliijua. Maji yamepungua ndani ya mabomba, presha imeshuka, na boila ikikosa presha hujizima yenyewe isije ikaungua. Dawa yake ni kuiongezea maji kwa mpira. Lolke alikuwa akiifanya kazi hiyo kila mwaka kabla ya majira ya baridi, na Bi Aukje miaka yote alikuwa amesimama chini ya ngazi, amemshikia kikombe cha kahawa.

Lakini kilichomtia hofu hakikuwa baridi. Kilichomtia hofu ni Hinke.

Hinke ni binti yake wa pekee. Anakaa mjini Leeuwarden na mumewe Ruurd, na ni mtu wa kupanga mambo, hata akienda sokoni ana karatasi. Mwaka uliopita, wakati kama huu, alikuja siku moja bila kupiga simu akamkuta mama yake sebuleni anafuma, na koti na kofia, boila imezimika tangu juzi na hajamwambia mtu. Hakugomba. Ingekuwa heri angegomba. Alikwenda akamtafutia fleti katika jumba la wazee huko Franeker, ghorofa ya tatu, ambako joto linatoka sakafuni na fundi anakaa hapohapo chini. Jina likaingia kwenye orodha, na wiki tatu zilizopita barua ikaja: nafasi imepatikana, jibu litolewe kufikia Jumatatu. Yaani kesho.

Basi mama na binti wakakaa mezani wakakubaliana, wote wawili wakiwa na akili zao. Boila isipozimika tena mpaka siku ya kuzaliwa ya mama, Hinke atawajibu Franeker hapana, na habari ya kuhama imekwisha, haitajwi tena. Ikizimika na mama asiweze kuiwasha kwa mikono yake, atahama.

Nyumba ile aliingia akiwa bi harusi wa miaka ishirini na mbili. Alijua ni kipande kipi cha sakafu kinalia usiku na kipi mchana. Akisimama jikoni anaosha vyombo aliwaona kondoo wamejipanga juu ya boma, mikia kwa upepo, na kwa namna walivyosimama alijua avae koti lipi. Mambo kama hayo huwezi kuyapakia kwenye gari ukayapeleka ghorofa ya tatu.

Wageni walikuwa wanakuja saa nane mchana, Hinke akiwa wa kwanza. Sasa ilikuwa saa moja na nusu. Namba ya fundi wa dharura ilibandikwa ubavuni mwa boila, lakini mkataba ulikuwa kwa jina la Hinke. Ukipiga tu, ujumbe unaingia kwenye simu ya Hinke kabla fundi hajafunga kamba za viatu. Maduka yamefungwa. Na mpira wenyewe haukuwa kwake.

Nyumba za safu ile zilikuwa nne, na mpira wa kujazia maji ulikuwa mmoja. Kazi ya mara moja kwa mwaka, nani ana haja ya mipira minne? Mpira ule ulikuwa ukienda nyumba hadi nyumba kila mwezi wa kumi, kisha unarudi kulala bandani kwa Folkert, jirani wa ukuta kwa ukuta. Na Folkert ndiye mtu ambaye Hinke alimpa namba yake ya simu amwangalizie mama. Mzee huyo alikuwa ameendesha lori la maziwa miaka arobaini, anachukua maziwa kila shamba na kuacha habari kila shamba, na kustaafu kulimpunguzia maziwa tu.

Bi Aukje akavaa kofia, akatoka.

Alimkuta Folkert jikoni, meza imetandikwa magazeti, ananoa viatu vyake vya kutelezea barafu. Mzee akainuka akambusu mashavuni mara tatu kama inavyotakiwa.

"Hongera, jirani. Umefikisha sabini na ngapi vile?"

"Usijifanye hujui. Jina langu limening'inia kwenye kalenda yako ya siku za kuzaliwa, kule chooni, miaka hamsini."

"Kalenda inasema siku, haisemi mwaka. Wanawake mlivyo wajanja."

"Folkert, nataka mpira."

"Mpira gani?"

"Mpira wetu. Wa maji."

"Wa nini, asubuhi hii?"

"Wa kuoshea madirisha."

Folkert akaweka chini jiwe la kunolea. Akachungulia nje, ambako ndege wa majini walikuwa wanatembea juu ya mfereji badala ya kuogelea. "Mama Hinke," akasema taratibu, "ukimwagia dirisha maji leo utalibandua pamoja na fremu yake."

"Basi wa kuoshea ua."

"Ua utakuwa uwanja wa kutelezea. Wageni wako wataingia ndani kwa makalio."

"Unanipa au hunipi?"

"Nakupa. Lakini umo ndani ya nyumba ya watu na kofia hujavua. Na tangu uingie mgongo wako umeng'ang'ania redieta yangu, hata mpira umeniomba ukiwa umeiegemea. Yenu imezimika."

Bi Aukje akataka kusema hapana, lakini mgongo ulikuwa umeshasema ndiyo, kwa kukataa kubanduka pale. Akavua kofia, akamweleza yote: mshale, taa nyekundu, Franeker, kesho.

"Sasa hapo mimi unanitia taabuni," Folkert akasema. "Hinke akiniuliza, siwezi kumdanganya. Nikidanganya masikio yanawaka mekundu, nchi nzima inajua. Marehemu mke wangu alikuwa haniulizi kitu mpaka kwanza anivue kofia."

"Sikwambii udanganye. Sikiliza. Nitajaza mwenyewe. Wewe mkono wako usiguse kitu. Ukigusa, umefanya wewe, na mimi nikahama kwa haki. Usipogusa, nimefanya mimi. Akikuuliza, umweleze ulichokiona, na masikio yako yabaki meupe."

Folkert akaviangalia viatu vyake vya barafu, akapitisha kidole kwenye ukingo uliokwisha kunolewa. "Barafu ya asubuhi ndiyo yenyewe," akanong'ona. "Jua likipanda inakuwa kama siagi."

"Nenda basi. Nipe mpira tu."

"Niende wapi? Dari yako na yangu zinatenganishwa na ubao. Ukifurika wewe, naogelea mimi."

Akaenda bandani, akarudi na mpira umekunjwa begani kama nyoka aliyekufa.

Darini Bi Aukje akamkalisha kwenye kidato cha juu cha ngazi, mikono mfukoni. Akaichomoa boila kwenye umeme, jambo alilolikumbuka mwenyewe, na Folkert akaitikia kwa kichwa kama mwalimu. Kwa bahati mashine ya kufulia ilikuwa hapohapo. Akafungua spana kwa upana wa nati, akautoa mpira wa mashine bombani, akafunga mahali pake ule wa kujazia, akaukaza mpaka ukalia. Kisha akashika ncha ya pili akainama kwenye koki ndogo iliyo chini ya boila.

"Hapohapo," Folkert akasema.

"Nini?"

"Ndani ya mpira mna nini?"

"Hamna kitu."

"Hamna kitu, au mna hewa? Unataka kuipulizia boila upepo wa bandani kwangu? Kwanza ujaze mpira wenyewe. Inua ncha iwe juu sawa na bomba, ndoo chini, fungua maji kidogo."

Akafanya. Mpira ukakohoa, ukatema vumbi, ukatema maji ya kutu, ukamwagia sapatu ya kulia, ndipo maji yakatulia kwenye ncha, yamejaa hadi ukingoni kama kikombe. Akafunga bomba, akaipeleka ncha ile kwenye koki polepole, asimwage, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Nati ikakataa kushika nyuzi mara ya kwanza. Ikakataa na ya pili. Nyuma yake akasikia kitambaa kinachakarika.

"Mfukoni, Folkert."

"Nilikuwa najikuna."

"Jikune ndani ya mfuko."

"Unaiweka upande. Irudishe nyuma nusu mzunguko kwanza, utaisikia inadondoka mahali pake. Ndiyo hiyo. Sasa mbele."

Ikashika. Akafungua bomba, kisha koki, kidogo tu, na maji yakaanza kuingia yakivuma kwa sauti nyembamba. Mshale ukatikisika. Bi Aukje alikuwa amepiga magoti juu ya mbao, pua yake karibu na kioo, hata akaona mahali kalamu ya Lolke ilipoteleza kidogo kwenye mstari wa pili. Nusu. Robo tatu. Moja, juu ya kijani.

"Taratibu," Folkert akasema. "Hunyweshi ndama."

Moja na robo. Moja na nusu na ushei. Akafunga koki, akafunga na bomba, akaweka ndoo, akafungua mpira, na tone la mwisho likaangukia ndani ya ndoo kwa adabu. Akakaa chini sakafuni. Magoti yalimuuma na alikuwa anacheka peke yake.

"Umeona?"

"Nimeona. Ila nina swali." Folkert alikuwa amekunja uso. "Fundi alijaza lini mara ya mwisho?"

"Mwezi wa kumi na moja. Hinke alikuwepo."

"Miezi mitatu tu. Maji hayo yamekwenda wapi? Kuna mahali panavuja?"

"Panavuja wapi, na jana nimepiga deki nyumba nzima mpaka chini ya vitanda?"

"Redieta umezitoa hewa lini?"

"Jana."

"Na kabla ya hapo?"

"Jumamosi iliyopita."

"Na kabla ya hapo ni Jumamosi ya juzi yake."

"Jumamosi si ndiyo siku yake? Natandua vitanda, naning'iniza malazi dirishani yapigwe upepo, naosha vioo, natoa hewa redieta, namalizia na bafu. Nyumba lazima ipumue."

"Na ukifungua kile kifunguo cha hewa, unaacha itoke mpaka lini?"

"Mpaka maji yatoke safi."

"Safi?"

"Yanatoka meusi, Folkert. Meusi kama kahawa, na yananuka chuma. Siwezi kukaa na uchafu ule ndani ya redieta zangu na watu wanakuja. Jana nilitoa bakuli zima kila moja. Ile ya sebuleni mabakuli mawili, kwa sababu ya wageni."

Hapo mikono ya Folkert ilitoka mfukoni yenyewe. Aliishika mbavu, akacheka mpaka ngazi ikatikisika, na Bi Aukje hakumkataza, maana kushika mbavu zako si kujaza boila.

"Mama Hinke," akasema alipoweza, "maji ya redieta ni meusi. Yangu meusi. Ya mchungaji ni meusi. Yakiwa meusi ndiyo yametulia, hewa imekwisha ndani yake, hayali chuma tena. Wewe unayamwaga, unataka mapya, na mapya yanakuja na hewa yake. Hewa inapiga mluzi, ukisikia mluzi unafungua tena. Unatoa hewa tu, basi. Tone la kwanza likichungulia, unafunga, hata liwe jeusi kama shetani."

"Lolke alikuwa anatoa."

"Mara moja kwa mwaka. Kwa kitambaa, si kwa bakuli. Nilikuwa naye."

Bi Aukje akautazama mshale, umesimama vizuri kati ya mistari. Miaka hamsini aliishika kahawa chini ya ngazi, kitambaa hakukiona hata siku moja. "Kwa hiyo mwaka jana nilipokutwa na koti," akasema, "ni mimi niliyeizima."

"Ni wewe. Kwa usafi."

Hapo furaha yake ikapata ufa. Kujaza angeweza kumwonyesha Hinke kwa kichwa juu. Lakini hili je? Mama anayemwaga maji ya boila kila Jumamosi kwa bakuli, kisha anashangaa baridi imetoka wapi, Hinke atamwona ni wa kubaki au wa Franeker?

Hakulisema. Aliteremka na kitambaa, akaanza na redieta za chini, kisha za juu. Kila moja ilipiga mluzi wake, na kila tone jeusi lilipochungulia alifunga, ingawa mkono ulimwasha kuendelea kidogo tu, nusu kikombe. Sebuleni alilazimika kuangalia pembeni. Akapanda tena darini: moja na nusu kasoro. Akaichomeka boila. Ikanyamaza, ikafikiri, ikabofya mara mbili, kisha moto ukawaka ndani kwa sauti ya mtu anayevuta shuka. Saa ilikuwa nne na robo, na Folkert akaondoka mbio na viatu vyake shingoni.

Saa nane kasoro, viti kumi na viwili vilikuwa vimepangwa duara sebuleni, kahawa imechujwa, keki ya rangi ya waridi yenye maganda ya chungwa imekatwa vipande vya kufanana. Nyumba ilikuwa na nyuzi joto kumi na tisa. Hinke aliingia wa kwanza, na kabla hajambusu mama yake alivua glavu akaiwekea kiganja redieta ya ukumbini. Akakiacha hapo. Mabega yakamteremka.

"Hongera, Mama," akasema, na busu zile tatu zilikuwa za kweli.

Wageni wakaja na pua nyekundu, wengine na viatu vya barafu mikononi, kila mtu, kama ilivyo desturi, akazunguka duara zima kupeana mikono: hongera kwa mama yako, hongera kwa mkweo, hongera kwa jirani yako. Wakakaa, wakala, wakazungumza barafu. Nusu saa haijapita, Hinke akasema, "Mama, mbona sapatu zako ziko juu ya redieta? Zimelowa."

Bi Aukje akanywa kahawa. Hinke akamgeukia Folkert, aliyekuwa amekaa kiti cha pili kutoka mlangoni na keki shavuni.

"Mzee Folkert. Leo asubuhi boila ilikuwa inafanya kazi?"

Vijiko vikaacha kulia vikombeni. Folkert akameza. "Asubuhi ilikuwa imezimika," akasema. "Mama yako ameijaza maji mwenyewe. Mimi mikono yangu ilikuwa mfukoni."

Hinke akamwangalia masikio. Yalikuwa meupe.

"Amejaza mwenyewe? Na mpira, na koki?"

"Kila kitu. Hata nati iliyokataa."

Hapo palitosha. Bi Aukje angeweza kuinuka akagawa keki, na jioni ile Franeker wangejibiwa hapana. Lakini alimtazama binti yake, akaona kwamba akinyamaza, atakuwa ananyamaza kila Jumamosi mpaka afe, na nyumba ambayo unakaa kwa kuficha si nyumba.

"Bado kuna moja," akasema. "Nimeijaza mimi, na niliyeimwaga ni mimi. Mwaka jana pia." Akawaeleza, wote kumi na mmoja, habari ya Jumamosi na kifunguo na bakuli. "Nilikuwa naacha mpaka yawe safi. Kumbe hayawi. Sasa umejua, mwanangu. Amua."

Hinke alikuwa amebadilika rangi kuanzia shingoni, wekundu ukipanda kama maji kwenye chupa. Pembeni yake Ruurd, mtu mpole ambaye katika duara lile hajawahi kusema zaidi ya barafu na mpira wa miguu, akaweka kikombe chini.

"Hinke," akasema.

"Nyamaza, Ruurd."

"Hinke, sema."

"Sisemi."

"Basi nasema mimi. Fundi amekuja kwetu mara tatu tangu Krismasi. Presha inashuka, hajui maji yanakwenda wapi. Wiki iliyopita ametoboa ukuta wa bafu kutafuta bomba linalovuja."

"Hewa lazima itoke," Hinke akasema, sauti yake ndogo.

"Kila Jumamosi," Ruurd akawaambia watu. "Kwa sufuria."

"Yanatoka meusi, Ruurd. Ulitaka niyaache? Mama, ulinifundisha wewe, kwa simu, ule mwaka tuliohamia. Mpaka yawe safi, ulisema."

"Nilisema," Bi Aukje akakubali. "Nilikufundisha vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba ni makosa."

Folkert ndiye aliyeanza, kisha duara zima. Shangazi mmoja wa upande wa Lolke alicheka mpaka akaomba kushikiwa sahani. Hinke alivumilia, akavumilia, akaficha uso begani kwa mama yake, na Bi Aukje akamsikia anatetemeka. Akadhani analia, kumbe naye anacheka, anashindwa hata kuvuta pumzi.

"Naona fleti ile waniandikie mimi," akasema alipoinua kichwa. "Na ukuta wangu uliotobolewa."

Akatoa simu mkobani. Akaandika kwa vidole viwili, akaifuta sentensi moja, akaandika tena, kisha akampa mama yake asome. Bi Aukje akavaa miwani. Ilikuwa mistari miwili: mama yangu anawashukuru, nafasi mpeni mwingine, yeye anabaki nyumbani kwake.

"Nibonyeze wapi?"

"Hapo."

Akabonyeza.

"Na Jumamosi uje kwetu utuonyeshe," Ruurd akasema haraka, kabla mkewe hajabadilisha nia. "Tone la kwanza na kitambaa. Tafadhali, Mama."

"Nitakuja. Mpira mtanunua wenu, huu una zamu zake."

Kufikia saa kumi redieta zilikuwa zimepata moto, na watu kumi na wawili ndani ya sebule moja si mchezo. Sweta zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine, zikarundikana kochini. Folkert akatangaza kwamba jua limeshuka na barafu imekaza tena, na kwamba kukaa ndani siku kama hii ni dhambi. Hakuna aliyebisha. Wale wenye viatu vya barafu wakavichukua. Wasiokuwa navyo, na wazee, wakabeba viti, maana mtu akisukuma kiti mbele yake haanguki.

"Na joto lote hili tunaliacha nyumbani peke yake?" akauliza mlangoni yule shangazi wa upande wa Lolke, maana ni dhambi ya pili hiyo, kupasha nyumba isiyo na mtu.

"Liache," Bi Aukje akasema. "Lipo, haliendi popote."

Akachagua kiti imara kuliko vyote, akakiteremsha ukingoni mwa mfereji, Hinke akimshika kiwiko upande mmoja, na wakaingia barafuni, miguu ya kiti ikikwaruza mbele yao, wakielekea kwenye boma na kondoo.